Samaki wa maman Ornella

Joviale, uko wapi? Soma hii message haraka.

Gentil, yeye anayenisindikiza nyumbani kila dimanche baada ya misa, amempa Ornella samaki wake! Kwenye bateau, katikati ya ziwa, mbele ya waimbaji wa chorale yote!

Tangu asubuhi ni mimi niliyemwekea minyoo kwenye ndoano, sababu yeye anaogopa kuigusa. Akavua tilapia kubwa. Nikanyoosha mikono, ma chérie. Nikanyoosha! Akanipita.

"Ornella, mupelekee maman yako."

Maman yake! Bateau yote ikapiga kelele, ikimwita mkwe: "Bokilo! Dot ni lini? Mahari unaleta lini?" Gentil anacheka tu.

Halafu Ornella ananigeukia: "Aimée, unipasulie, mimi naogopa damu."

Nikampasulia. Nikamwoshea pia.

Mungu anisamehe, lakini ninaomba maman yake awe mtu asiyekula samaki.