Muhuri wa Ijumaa

Dada Yunisi,

Shikamoo. Natumai kifua chako kimetulia na mvua imewafikia hapo Maneromango. Mimi mwili ni mzima.

Nimejua. Mwinjilisti ameniandikia kwamba Mama alizikwa Jumanne, mwezi na zaidi sasa. Barua yako, inayosema anaumwa lakini anakunywa uji, ina muhuri wa posta wa Ijumaa, siku kumi baada ya maziko. Na mwisho umeandika, "Mama anakusalimu sana." Nikamwombea apone siku kumi na tisa, Dada. Desturi naijua, aliye mbali hashtuliwi. Lakini salamu zile alizitoa nani?

Siku hizo nilikuwa kiwandani nikihangaika na kadi ya umeme ya kuongozea pampu ya maji. Ina chipu moja inayofanya hesabu, haina kioo, haina chochote kilichotangulia ndani yake. Nilipewa wiki kumi na moja za majaribio kutayarisha, kwenye kompyuta kubwa, programu ya kugeuza maandishi yangu yawe namba za mashine, na nyingine ya kuunganisha vipande na kuvipangia mahali. Wenzangu wamepita vyuoni. Mimi nilijifunza kwa kufungua redio mbovu za watu. Mara kumi na tatu nilichoma namba hizo kwenye kumbukumbu ya kadi, nikawasha. Kimya.

Mzee mmoja wa hapa, tunayekaa naye meza moja, akapima, akaniambia, "Haijafa. Inasoma mahali ambapo hukuandika kitu."

Kosa ni langu. Kompyuta kubwa huanzisha programu kwenye kumbukumbu mahali namba mia, nami nikaacha hivyo hivyo. Chipu huanzia sifuri, na pale palikuwa patupu. Kwake patupu ni amri ya kwenda kuita kazi iliyo mahali pengine, kisha irudi. Nako patupu, inaita tena, na kila ikiita inaandika namba ya mahali pa kurudia. Kumbukumbu yake yote ilijaa namba moja.

Nikarekebisha, ikaamka, nikaajiriwa moja kwa moja. Nilirudi chumbani kwangu nikipanga maneno ya kumwambia Mama, nikakuta barua ya mwinjilisti mlangoni. Tangu hapo nikifumba macho naiona namba ile, safu kwa safu, na nasikia maombi yangu.

Kama alinisalimu kweli, niandikie maneno yake yalivyotoka, hata kama alinilaumu. Kama ulitunga, sema. Sitakasirika zaidi ya hapa.

Nisalimie shemeji, mjomba wa Mzenga, na mwinjilisti, umwambie asante. Miaka sita salamu zangu zimeanza na Mama. Leo nimeanza na shemeji.

Mdogo wako,
Zakayo