Mwenyekiti Hakupasuliwa

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu hainyimwi mtu hata akinuna. Basi nachukulia kwamba umeninunia tu.

Jana tumegawana vitu vyako. Kitanda kimebaki kwangu, na ndicho nimekalia nikiandika. Blanketi lile zito amechukua Mzee Marwa, shemeji yako, akijifanya halitaki huku ameshalikunja. Watoto hawajambo. Bhoke ameota meno ya mbele. Mwita akiulizwa jina shuleni bado anamalizia na jina la nyumba yako, kwa sauti, kama ulivyomzoesha.

Mwenyekiti amekufa.

Nikisema hivyo hapa Turwa watu wananiuliza, mwenyekiti wa chama gani? Nikiwaambia ni sungura, wanacheka. Jirani mmoja akaniuliza kwa nini nasikitika badala ya kubandika sufuria. Hawakukuona ukimpa majani kwa mkono wako, hawakumsikia akidundisha mguu chini ya kitanda hiki, puu, puu, nawe ukasema, "Mwenyekiti amegonga meza, kikao kimeanza," halafu unaniita nije nikueleze habari za sokoni.

Tangu uondoke alikuwa anatoka chini ya kitanda kila jioni, anakaa katikati ya chumba, anatazama mto wako. Anagonga. Anasubiri. Anagonga tena. Nilikuwa nasimama mlangoni na kibakuli cha maji, Mama, nashindwa kuingia. Alikuwa anatazama kitu, na mimi sikukiona.

Unakumbuka ulivyokufa? Samahani, hilo si swali la kumuuliza mtu. Lakini mimi nakumbuka kila siku. Ulitapika, ukalala ubavu, miguu ikakaza, povu jembamba likakutoka pembeni mwa mdomo. Gari lilipofika hospitalini ulikuwa umeshapoa. Muuguzi akauliza kama tungependa mwili ufunguliwe tujue chanzo. Mzee Marwa akamjibu kabla hajamaliza kusema, "Mama yetu hachanwi kama mbuzi wa sikukuu." Tukakuzika mzima. Na kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo, kila mtu akajua chake. Kaburini, binti yako Wankuru aligeuka akanitazama mbele ya ukoo wote, akasema, "Aliyempikia ndiye anayejua."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Likaja. Wanawake niliokuwa nachota nao maji wakaanza kukumbuka kwamba maji ya upande mwingine ni matamu zaidi.

Wewe unajua neno lile lilikuwa na uzito gani kwangu. Watu wa mbali hushangaa nikisema niliolewa na mwanamke, nami huwaeleza kwamba kwetu Ukurya mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti kwa niaba ya mwana asiyezaliwa, na watoto wa binti yule wakawa wa nyumba yake. Kwetu huitwa nyumba ntobhu. Uliponioa ulinipa jiko, shamba na jina. Lakini nikifukuzwa kwa kosa la kukuua, naondoka na nguo zangu tu. Mwita na Bhoke wanabaki. Ng'ombe wako walishawalipia. Na Mzee Marwa alishasema kwamba siku ya kugawa vitu ndiyo siku ya kuamua habari yangu pia.

Sasa sikiliza kilichompata Mwenyekiti. Chumba chako kilifungwa siku ya mazishi, kama desturi ilivyo: kitu cha marehemu hakiguswi mpaka siku ya kugawa. Nilisema angalau sungura nimtoe. Mzee Marwa akasema sungura naye ni kitu cha marehemu. Nikaruhusiwa kuingia na maji na nyasi, nisiguse kingine. Na lile fungu la majani, dawa ya miguu yako iliyovimba, lilikuwa limeachwa likining'inia kwenye mguu wa kitanda, pale pale ulipolifunga. Nililiona kila siku. Sikuligusa. Tuliliheshimu.

Juzi asubuhi nilimkuta amelala ubavu. Miguu imekaza. Povu jembamba pembeni mwa mdomo. Na lile fungu limebaki vijiti.

Nilikaa chini kwenye sakafu yako, Mama. Ilikuwa kama unakufa mara ya pili na safari hii niko peke yangu.

Nikamweka kwenye kikapu chako cha sokoni, nikamfunika na kanga. Niliwaza: wewe hukufunguliwa, lakini huyu anafunguka. Nikiwa natoka mlangoni ndipo Wankuru akafika kutoka Ikoma kwa ajili ya kugawa. "Wifi, unakwenda wapi na kikapu cha mama?" Nikamfunulia. Akainama akatazama, akasema, "Twende wote. Sikuachii hata hatua moja."

Bwana mifugo unamjua, yule mnene aliyemchoma sindano ndama wetu. Alipofunua kanga akacheka. "Mimi sungura huwa nawapasua, lakini nikiwa najua kilichowaua, maana ni mimi." Alipoona nyuso zetu akaacha. Akatueleza vizuri kwamba anaweza kufungua tumbo, achukue kilichomo, apeleke maabara Mwanza. Lakini iwe leo. "Kwa joto hili, kesho atakuwa hana cha kuniambia."

"Pasua," Wankuru akasema. "Pasua, daktari! Nyumba ile kuna mtu anatilia watu vitu. Tujue."

Bwana mifugo akavaa glavu. Akachukua kisu. Halafu akauliza swali ambalo nadhani huuliza kila siku kwa kila ng'ombe: "Alikula nini?"

Nikajibu, "Nyasi. Maji. Na yale majani ya dawa yaliyokuwa kitandani."

"Majani gani? Yametoka wapi?"

Nilimtazama wifi yangu. Nikaona likimfikia. Mama, sijawahi kuona neno likimfikia mtu namna ile. Lilimwingia machoni, akatafuta benchi kwa mkono bila kuangalia nyuma. Maana wewe unajua aliyeyaleta. Aliyanunua mnadani kule kwao, akapanda gari na fungu lile mapajani, akakufungulia hapa kwa furaha, "Mama, haya utatembea." Mimi nikayachemsha kama alivyoelekeza. Akakushikia kikombe cha bati. Ukanywa, ukakunja uso wote, ukamshika shavu, ukasema, "Asante mwanangu. Chungu, lakini imetoka kwako."

Wankuru akatoa simu. Akampigia mumewe Ikoma, akamwambia lile fungu lililo ukutani jikoni alitupe, alichome, watoto wasiliguse, ndiyo, sasa hivi. Akakata. Kisha kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo akasema, "Mwacheni. Msimpasue."

Bwana mifugo akatutazama kwa zamu. "Mmoja pasua, mwingine kimya, sasa tena aachwe. Mwenye sungura ni nani?"

Ni mimi niliyembeba. Ni mimi niliyekuwa na watoto wa kupoteza. Kikapu kilikuwa mbele yangu.

Usidhani nilikuwa mwema. Nilitaka kisu kile kishuke. Nilitaka karatasi ya Mwanza niisome mbele ya ukoo, neno kwa neno, nikimtazama aliyenitazama kaburini. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Halafu nikawaza: ikisema ni majani, nani yuko salama? Watasema aliyeleta alileta dawa, aliyechemsha ndiye aliyechemsha sumu. Na ikisema si majani? Basi tunarudi kwenye chungu changu. Na ikisema ndiyo, na wakaniamini, wifi yangu atalala wapi maisha yake yote? Nikaiona mikono yake juu ya magoti. Ni mikono yako, Mama. Vidole vile vile vifupi, gumba lile lile lililopinda. Niliogopa jibu. Hiyo ndiyo kweli yote. Niliogopa kujua kuliko nilivyoogopa kutojua.

"Ni wa marehemu," nikamwambia. "Na marehemu hakutaka kuchanwa."

Akavua glavu. Hakucheka tena.

Tulirudi nyumbani. Tukamzika nyuma ya zizi, kwenye ule udongo mwekundu, Wankuru akachimba mwenyewe. Tulipokuwa tunafukia, jua likizama, nikasikia kutoka chumbani kwako. Puu. Puu.

Wankuru akasimama na jembe mkononi. "Umesikia?"

"Hapana," nikasema.

Jana ukoo ulikaa uani. Mzee Marwa akakohoa, akasema kabla ya vitu kuna jambo la mke wa nyumba hii. Nilikuwa nimemshika Bhoke mapajani kwa nguvu mpaka akalalamika. Ndipo Wankuru akasimama. Hakunitazama. Akasema, "Lile neno nililosema kaburini nalirudisha. Mpishi hana kosa. Mama amekwenda kwa siku zake, na mimi ndiye mtoto wa tumbo lake, hakuna mwingine wa kulisema." Akakaa. Mzee Marwa akauliza amejuaje. Akajibu, "Najua." Binti wa tumbo akishasema, nani atasema zaidi? Wakahamia kwenye blanketi.

Alipoambiwa achague, alichukua kile kikombe cha bati tu. Alikiosha. Akakiosha tena. Amekwenda nacho Ikoma asubuhi ya leo, na stendi alinishika mkono muda mrefu kuliko safari ile inavyohitaji. Nikamwambia awasalimie watoto.

Mama, sasa ni jioni na ugali haujasongwa. Chini ya kitanda hiki hakuna kitu, nimeinama nikaangalia, nimefagia mpaka pembeni. Bado anagonga. Sitamwita mchungaji wala mtu yeyote wa kumnyamazisha. Kama mna kikao huko na mnataka kujua kilichowafikisha, mimi sina jibu, nililiacha mezani kwa bwana mifugo.

Nakuaga hapa, watoto wana njaa. Nakuahidi mambo mawili. Mwita na Bhoke watakua na jina lako. Na lile la majani halitatoka mdomoni mwangu, hata tukigombana na wifi, na tutagombana, unatujua.

Nawe nakuomba moja. Siku Wankuru atakapofika huko, huenda atakuja na kikombe kile mkononi, anaogopa kukutazama. Usimuulize. Kipokee, mshike shavu, mwambie ulivyomwambia siku ile.

Mkeo na mwanao,
Ghati