Shemeji Aliotea, na Kibendera Nilishika Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla nyumba yetu haijagawanyika, mimi ni fundi cherehani, na mwisho wa wiki ni mwamuzi msaidizi, yule anayekimbia pembeni ya uwanja na kibendera, na kazi hiyo naipenda mno, hata mume wangu husema nikirudi uwanjani uso unang'aa kuliko siku aliyonioa, na wala nisingekuandikia kama si nusu fainali ambamo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa mshambuliaji. Mechi inakaribia kuisha, hakuna aliyefunga, akapigiwa pasi ndefu upande wa mbali na mimi, akafunga, watu wakalipuka kwa shangwe, nami nikanyoosha kibendera juu, kwa sababu pasi ilipopigwa nilikuwa usawa wa beki wa mwisho kabisa, na shemeji alikuwa keshampita. Goli likakataliwa, na timu yake ikaja kutolewa kwa penalti.

Sasa mama mkwe, aliyekaa kivulini upande ule ule wangu, karibu na mstari wa katikati, anaapa kwamba mwanawe hakuotea, akaniuliza, "Mwanangu, ungepungukiwa na nini ukiuacha mkono chini?" Juzi shemeji alikuja kula na mchumba wake, akaanza tena, "Shemeji, ulinifanyia makusudi," nami uvumilivu ukanishinda, nikamwambia hajui mpira, anajua kukimbia tu kama kuku aliyefunguliwa kamba, watu wakacheka, yeye akainuka akaondoka, na tangu hapo hakanyagi kwetu. Mume wangu ananiamini, lakini ananisihi niseme tu "nilikosea" ili yaishe. Mshauri, niseme? Nikisema, amani itarudi, ila nitakishikaje tena kibendera?

Fundi wa Pembeni

JIBU

Pole, Fundi, na hongera kwa kupenda kazi yako. Usiseme ulikosea. Ukilitamka leo ili watu wale kwa amani, kesho kila mshambuliaji atakuja mlangoni kwako kudai goli lake.

Mama mkwe wako naye hasemi uongo. Alikaa pabaya, basi. Anayetazama kutoka mstari wa katikati anatazama mshazari, na mshambuliaji wa upande wa mbali humwona kama hajampita beki, kumbe kapita. Ndiyo maana wewe unahangaika kukimbia sambamba na beki badala ya kukaa kivulini kama watazamaji.

Lakini wewe nawe! Kuku? Mbele ya mchumba wake? Kijana katoka kukataliwa goli, ukamvua nguo hadharani. Na nani alikutuma kuikubali mechi ya shemeji yako wakati waamuzi wengine wapo? Hapo ulijitakia.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake mwenyewe, usimtume mume, na mchumba awepo. Omba radhi kwa lile la kuku tu. La goli usiliguse. Akishapoa, waalike wote uwanjani. Mume asimame kama beki, mchumba asimame upande wa mbali, hatua moja mbele ya beki kuelekea golini. Shemeji na mama watazame kwanza kutoka kivulini, kisha wahamie pembeni, usawa wa beki. Wewe funga mdomo, tafadhali, hata ukiwashwa. Na waandaaji waambie wazi: timu ya shemeji, wapangie mwingine.

Jibu hili nilimtumia Fundi kabla ya kulichapa, na jana alinipigia simu akicheka. Radhi ilipokelewa, ingawa kwa kununa kidogo. Uwanjani, mama mkwe alitazama kutoka kivulini akasema wako sawa kabisa. Alipohamia pembeni, usawa wa beki, alipangusa macho, akatazama tena. "Kumbe ulitangulia, wewe!" akamwambia mwanawe.

Shemeji akakuna kichwa. "Kidogo tu, mama."

"Kidogo ndiyo kuotea kwenyewe," akajibu mama, kana kwamba yeye ndiye mwamuzi tangu ujana.

Wiki iliyofuata, kama alivyonisimulia, Fundi alipangiwa mechi ya timu nyingine, na shemeji alikwenda kutazama. Fundi aliponyoosha kibendera, mzee mmoja aliyekaa karibu na mstari wa katikati akaanza kumzomea. Kabla hajamaliza, shemeji alikuwa kamshika mkono. "Njoo usimame huku kwanza, mzee wangu," akamwambia, "halafu upige kelele."