Mawe ya Redio

Jumamosi, 3 Agosti 1991

Mutahi ameondoka kwenda Nairobi, asante Mungu. Wiki nzima ni "huko Canada" hivi, "huko Canada" vile. Chai yetu ina moshi. Choo chetu kiko mbali. Amezaliwa hapa hapa Kianyaga, tumbo moja na mume wangu, lakini leo hajui kukalia kigoda!

Na zawadi aliyomletea kaka yake? Gemu. Kidude cha plastiki cha kijivu, kinaingia kiganjani, kina kioo kidogo ambamo matofali yanaanguka na mtu anayapanga. Basi. Ndiyo kazi yote. Yakijaa mpaka juu umekufa, unaanza tena. Theuri wangu, karani wa mizani kiwanda cha kahawa, mtu mwenye mvi, ameshinda nacho tangu asubuhi, ulimi nje. Ti-ti-ti, ti-ti-ti. Ng'ombe nimekamua mimi.

Kinakula mawe manne, yaani betri. Yale madogo, sawasawa na ya redio yangu. Hilo sikulipenda hata kidogo.

Jumanne, 6 Agosti

Mawe ya ng'ambo yamekwisha! Theuri alikuwa ameapa kwamba hayaishi. Yalikata Jumapili katikati ya mahubiri. Alikuwa ameficha gemu ndani ya kitabu cha nyimbo, sauti ameizima, anadhani Mungu naye amezimwa. Jana akanunua mengine dukani. Leo jioni, kwisha. Ati mawe ya Kianyaga hayana nguvu, yangetoka Nairobi yangekaa. Mawe ni yale yale, bwana.

Nimemwambia redio yangu isiguswe. Stima huku ni ya kusikia tu kwa wanasiasa, na redio naifungua saa saba mchana peke yake. Habari, matangazo ya vifo na ya wanaotafutwa, nafunga. Kwa hiyo mawe yangu hukaa miezi. Na Theuri anajua vizuri nangoja habari za nani.

Baba amelazwa hospitali Kerugoya tangu mwezi uliopita. Kifua. Nilikwenda mara moja, nikamkuta ndugu yangu Ngatia amesimama mlangoni pa wodi kama askari wa benki. Ati nani ameniita. Yote hayo ni shamba la mpunga la Mwea. Kwa sheria ya huko mrithi ni mmoja tu, Baba akaandikisha Ngatia, na mimi nikasema niliyoyasema mbele ya wazee. Siyafuti. Nikamwambia Ngatia pale pale: Baba akinitaka, tangaza kwa redio, nchi nzima isikie, maana mdomo wako siuamini. Akasema sawa, atatangaza. Basi. Sirudi huko kunusanusa milango. Nitaitwa kwa jina langu.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nimecheka peke yangu darasani, mwalimu mzima, nikipanga vitabu vya likizo. Nimetoka kupitia kiwandani, na nimeona nini? Theuri ameanika mawe yaliyokufa juu ya meza za kukaushia kahawa! Anayageuza kwa mkono, pole pole, kama kahawa. Mwezi wa nane! Mlima hatujauona wiki nzima, ukungu unaingia mpaka jikoni, na yeye anangoja jua.

Si peke yake. Mzee Kingori, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alikuwa pale akimpa mashauri. Ati jiwe likichoka unaliuma kidogo, nguvu inarudi. Akaliuma! Kwa yale meno aliyobakiza. Naye amekwisha kuambukizwa gemu, anangoja zamu yake. Wanaume wazima wawili, mmoja anatafuna jiwe, mwingine anageuza. Na hawa ndio hukaa mbele tukiambiwa tusiongee.

Jumapili, 11 Agosti

Jua limekataa kutoka, sasa Theuri anachoma mawe kwenye majivu ya moto. Moja limepasuka likamwaga uji mweusi juu ya viazi vyangu. Ati yakipata joto yanaamka. Ni kweli yanaamka. Yanachangamka kidogo, halafu yanazirai. Kama yeye Jumatatu asubuhi.

Redio: jina langu halikusomwa.

Jumatano, 14 Agosti

Gemu imefufuka. Ti-ti-ti tangu juzi bila kukohoa. Nimemuuliza mawe ameyatoa wapi. Ati dereva wa lori amemletea kutoka Kenol, ni mawe mazuri sana. Hakuniangalia usoni, lakini siku hizi haangalii uso wa mtu yeyote.

Nimepika wali. Mpunga wa kwetu, unanukia nyumba yote, nikaisukuma sahani. Baba alikuwa akiniweka juu ya baiskeli kwenye ukingo wa mfereji, ananisomesha maandishi ya magunia. Namtamani Baba. Nimeandika, basi.

Theuri akainua kichwa, eti naye ni mshauri! "Si wewe uende tu uone mzee. Unangoja redio ya nini? Ngatia hawezi kukumeza." Nikamwambia mtu anayepanga matofali ya uongo asinipangie safari. Nikienda bila kuitwa, Ngatia ameshinda. Akarudi kwa gemu yake.

Redio: jina langu halikusomwa. Sauti ilikuwa chini kidogo. Labda ni mvua.

Jumamosi, 17 Agosti

Niandike tangu mwanzo.

Saa saba nimefungua redio. Sauti safi, nzuri, kubwa kuliko ya juzi. Habari zikapita. Matangazo yakaanza. Marehemu mmoja wa Murang'a, watoto wake, wajukuu wake, mazishi yake. Halafu:

"Habari hizi zimfikie Warigia, mke wa Theuri wa Kianyaga, popote alipo. Kwamba baba yake, Mzee Moffat wa Mwea..."

Sauti ikaanza kuzama. Ikawa nzito, ikawa ndefu, ikawa mnong'ono. Nikabandika sikio. Hakuna. Nikaipiga. Hakuna! Nikafungua kifuniko cha nyuma. Mawe yana majivu. Yote manne, majivu kwenye ncha, na bado yana joto la jikoni.

Na jikoni ti-ti-ti.

Nilimnyang'anya. Akapiga kelele, "Ngoja! Ngoja kidogo, niko karibu kumaliza!" Nikang'oa kifuniko, nikatoa mawe yangu, yangu!, nikayatia kwenye redio. Ikanguruma nyumba nzima. Mtu wa Sagana amepoteza ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja. Kisha wimbo.

Theuri amesimama, mikono mitupu. Ati alibadilisha Jumatatu. Ati kila siku huyapasha moto yale mabovu na kuyarudisha kabla sijafungua. "Wewe hufungua dakika kidogo tu. Nilijua itafika. Nilikuwa ninunue zingine leo jioni, haki ya Mungu." Nilikuwa na matusi ya wiki mbili tayari. Nilimwambia tu: aende kwa Mama Kabura akaulize.

Mama Kabura ni jirani wa ng'ambo ya kijito. Redio yake hunguruma tangu alfajiri, humeza mawe kama karanga, na mdomo wake haupumziki, umeishinda hiyo redio. Sijamsalimia tangu Pasaka. Huyo ndiye anayejua habari ya baba yangu, na mimi sijui.

Theuri ametoka mbio. Sijamwona akikimbia tangu tuoane.

Nimefunga mzigo. Leso, sweta, sabuni. Lakini nifike Kutus nishike njia ipi? Mkono mmoja ni Kerugoya, hospitali. Mwingine ni Mwea, nyumbani. "Baba yake, Mzee Moffat wa Mwea" — nini? Anamwita? Anamtaka aje haraka? "Wa Mwea" husomwa mtu akiwa mzima na akiwa si mzima. Nimeyarudia maneno hayo mpaka hayana maana. Sauti ya msomaji ilikuwaje? Wale wa redio hutumia sauti moja kwa ng'ombe na kwa watu.

Ngatia ametangaza. Alivyosema atatangaza, ametangaza. Na mimi nimekaa hapa siku zote hizi, nauli iko, miguu iko, nangoja kisanduku kinisomee jina.

Nawaona. Wanashuka kwenye migomba, Theuri na Mama Kabura. Hawakimbii. Mama Kabura amejifunga leso kichwani, ile ya kwenda kanisani. Hawaongei. Mwanamke yule huongea hata na kuku, na leo midomo imefungwa.

Theuri amevua kofia. Ameishika tumboni kwa mikono miwili.

Wamefika langoni. Hawabishi, wananiangalia kupitia dirisha. Wangoje. Bado naandika, nikiweka kalamu chini wataniambia.