Nani Afunue Chungu

Jumatano, 2 Julai. Rubya.
Ndizi zimemenywa. Mikono nimeipaka mafuta kwa ajili ya utomvu. Maharage yanakaribia kuiva. Kazi hii nimeifanya maisha yangu yote na sijawahi kuifanya vibaya.

Nyumba ya Mae nimeikuta safi. Kibanja cha migomba kimepaliwa, mbuzi wamenenepa. Aliyekonda ni Mae, mama yetu. Gauni la kanisani sasa linamzunguka kama shuka. Hospitalini wamempima kila kitu. Hawajaona ugonjwa. Wamesema ale tu.

Deo, mdogo wangu, amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Asipoona mabadiliko, atamchukua Mae akaishi naye huko, ghorofani. Mae hajakataa wala hajakubali. Ameitazama migomba tu.

Basi nimekataa mimi kwa niaba yake. Atakula. Bukoba nzima inanijua kwa mambo mawili, chakula na hotuba. Ninapopika harusini, watu huomba kuongezewa. Ninaposhika kipaza sauti, hawaombi kuongezewa, lakini husikiliza.

Mchana: ndizi za nshakala na maharage, chungu kimoja, kimefunikwa kwa majani ya mgomba kama inavyopaswa. Mae amekula vijiko vichache. "Kasinge, Koku." Ameshukuru, akaisukuma sahani.

Ni mwanzo tu.

Jumamosi, 5 Julai. Nshambya.
Nimerudi kwangu, Bukoba mjini, kuchukua nguo na kupita sokoni. Adelina alinisindikiza. Tulifundisha shule moja mpaka tukastaafu, na mpaka leo hawezi kunyamaza mbele ya samaki. Nilichagua sato wa kukaushwa, karanga, nyanya chungu, kuku wa kienyeji. Akatazama kikapu.

"Ukimaliza kumnenepesha mama, njoo kwangu. Mimi sihitaji kubembelezwa."

"Wewe unahitaji kuzuiwa," nikamwambia. Muuza samaki akacheka kuliko sisi.

Kesho ni sato kwa karanga. Simjui mtu aliyewahi kukikataa chakula hicho.

Jumapili, 6 Julai. Rubya.
Sasa namjua.

Alionja mchuzi, akausifu kwa dhati. Kisha nikamwona akimpa paka nusu ya samaki, taratibu, chini ya meza, kama mtoto. Nimekasirika. Nimeosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 8 Julai.
Supu ya kuku: vijiko vichache. Uji wa ulezi: nusu kikombe. Senene wa kukaanga waliohifadhiwa tangu msimu uliopita: wachache, kwa heshima yao, si kwa njaa yake.

Na hakuna nisichofanya. Nimemwandalia meza sebuleni, kitambaa cheupe, sahani nzuri ya wageni. Yeye ndiye wa kwanza kupakuliwa, kabla ya mtu yeyote. Nimemkataza kuingia jikoni kwa sababu ya moshi. Ninaketi mbele yake mpaka amalize. Leo nimetambua kwamba ninamtazama kama msimamizi wa mtihani. Nimegeuza uso. Hakula zaidi.

Ninaogopa. Nimeiandika, basi. Mae akienda Dar, hatarudi. Nitakuja hapa kufungua mlango kwa ufunguo.

Alhamisi, 10 Julai.
Leo lazima niandike kwa mpangilio.

Ilikuwa zamu yetu kupokea akina mama wa jumuiya. Walisali. Chungu kilikuwa motoni. Deo akapiga. Nikashuka chini kwenye mibuni ili wasinisikie. Tukagombana. Ameshakata tiketi ya Mae.

"Dada, Mae si mwanafunzi wako."

"Na wewe si msimamizi wa mirathi. Mama yu hai."

Akakimbilia Kiingereza, kama kawaida yake akishindwa. Nikakata simu. Nilipopanda, sebule ilikuwa tupu. Vicheko vilitoka jikoni.

Mae alikuwa kwenye kigoda. Alikuwa amekifunua chungu mwenyewe. Aliondoa majani moja moja kwa ncha za vidole, mvuke ukimfunika uso, na akina mama wameketi mkekani, jani kubwa la mgomba limetandazwa katikati. Alikuwa anapakua. Ndizi laini kwa bibi asiye na meno. Kubwa kwa waliotoka kulima. Paskazia, jirani yetu, akalalamika kwamba fungu lake ni dogo.

"Umeimba vibaya," Mae akamwambia.

"Sikuwa mimi, Mae. Njaa ndiyo iliyoimba!"

"Basi njaa yako haijui sauti ya pili."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walipokuwa wote wanakula, Mae akachungulia chunguni. Vilibaki vipande vilivyovunjika na maharage yaliyoshikana chini. Akakivuta chungu karibu. Akala. Akakwangua. Akalamba kidole.

Nilisimama mlangoni, hakuna aliyeniona. Nilifurahi. Mara nikaona wivu, na sitaupamba: samaki wangu alikwenda kwa paka, na makoko haya yameliwa yote.

Kisha nikajaribu kukumbuka siku moja, moja tu, ya utotoni ambayo Mae alikula kabla yetu. Sikuipata. Alipakua, akatazama kila mtu ameanza, ndipo akavuta chake. Na mimi nimemwondoa jikoni, nikamketisha mezani peke yake, nikampakulia wa kwanza. Nimemfanya mgeni nyumbani kwake. Mgeni huonja, husifu, hushukuru. Hali mpaka akashiba.

Ijumaa, 11 Julai.
Nimepika. Sikufunua. Nimemwita Paskazia na watoto wake, kisha nikaenda sebuleni: "Mae, chungu kimeiva, watu wanasubiri."

Alinyanyuka kabla sijamaliza sentensi.

Amekula. Ameniambia pia kwamba chumvi imezidi na kwamba ndizi nimezikata kama ninazipikia wagonjwa. Tangu nianze kupika hakuna aliyewahi kuniambia maneno haya. Nimeyapokea kwa utulivu. Karibu utulivu.

Jumamosi, 12 Julai.
Deo amefika mchana kwa gari la kukodi, viatu vinang'aa, begi jipya la Mae mkononi. Begi lile lilinichoma kuliko tiketi. Nilikuwa na hotuba tayari, yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Nilipojikohoza tu, Mae akaita kutoka jikoni. Chakula.

Deo akaketi mkekani kwa shida, magoti juu. Mae akampa sehemu kubwa kuliko zote.

"Mae, anza wewe."

"Nikianza mimi, nitajuaje kama wewe umeshiba?"

Mkono wake ulitetemeka. Ndizi ikaanguka kwenye majivu. Deo akainuka kumsaidia. Nikamshika shati, kwa nguvu, akakaa. Mae akaiokota, akaipuliza, akaiweka upande wake. Akaendelea na Paskazia, na watoto, na mimi. Alipoona Deo amemaliza ndipo akala. Akala mpaka mwisho. Deo alikuwa anatazama chungu.

Jioni tulisimama uani. Hotuba yangu ilikuwa bado ipo, nzima.

"Kwangu mchana hakuna mtu," akasema. "Watoto wanakula shuleni. Mimi narudi wamelala. Mae atampakulia nani?"

Nikanyamaza. Kwangu mimi, ni jambo kubwa.

Tukamwendea Paskazia pamoja. Yeye na watoto wake watakula kwa Mae kila mchana, na mimi nitaleta samaki. Paskazia alitutazama kama watu waliochelewa kufika. "Kwani nilikuwa nakula wapi kabla kahawa haijanishika miezi hii, na Koku hajaja kumfungia mama sebuleni?"

Deo alicheka sana. Nimemruhusu.

Begi amelirudisha garini, tupu.

Jumapili, 20 Julai. Nshambya.
Mawingu, bila mvua. Ziwa limetulia.

Nipo kwangu tangu Jumatano. Mae ndiye aliyenirudisha: jiko ni dogo, alisema, na mimi nina mikono mingi. Niliondoka bila kubishana.

Leo baada ya misa nimekaanga dagaa, nikala na Adelina barazani. Mchana nikapiga simu Rubya.

"Mae, umekula?"

"Bado. Paskazia ndiyo kwanza anafika."

Nyuma yake nilisikia watoto wakigombea nafasi, na kigoda kikiburutwa. Nilitaka kumuuliza amepika nini, ametia chumvi kiasi gani, mkono unaendeleaje.

"Kata simu, Koku," akasema. "Nina watu."

Nikakata.