Glasi ya Kaka Yangu

Jumapili usiku

Glasi yake bado iko mezani, imejaa. Niliitengeneza mwenyewe jikoni: fraizi za Kibumba, stroberi zetu, nilizoponda kwa sukari, pombe ya jini, ndimu. Nilitaka tupatane, kaka yangu mkubwa na mimi, baada ya ule ugomvi wa shamba la baba.

Aliitazama tu. “Mudogo, chupa umeifungulia wapi?”

Nikaonja yake mbele ya macho yake. Akacheka. “Wewe unajua upande wa kunywea, ule usiotiwa kitu.” Akaomba maji ya chupa, akaifungua mwenyewe.

Miaka yote ninapiga kelele magazetini kwamba hofu ya sumu inatutenganisha kuliko sumu yenyewe.

Lakini ningekuwa mgeni kwake, nami ningeuliza chupa ilifunguliwa wapi.