Mashine ya Mama Dobi

3 Novemba

Kitinda mimba wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha. Mimi sijambo, ila macho yanagoma kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani.

Sikukuu inakaribia na nimeanza kuona haya mapema. Unamkumbuka Mama Dobi wa mlango wa pili, aliyefua mashuka ya hospitali miaka thelathini mpaka wakamstaafisha. Tangu uondoke, kila zikibaki siku mbili kabla ya sikukuu huja na ngazi yake, akashusha mapazia yangu yote, akayafua kwa mikono, akayatia wanga, akayapiga pasi na kuyatundika upya. Siku mbili nzima, hiyo ndiyo zawadi yake kwangu. Mimi nampa leso moja niliyoshona kwa vitambaa vilivyobaki. Anaipokea utadhani nimempa nyumba, nami natamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe umesoma, nishauri.

Mama yako

21 Novemba

Mama mpenzi, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha, ondoa shaka. Kazi ghalani ni nyingi, lakini wafanyakazi tunauziwa vyombo vya umeme kwa bei ya chini. Nimemchukulia Mama Dobi mashine ya kufulia, ile kubwa. Lori litaileta wiki ijayo. Mpe kwa mkono wako, useme imetoka kwako. Umri wake si wa kuinamia beseni tena, na mwaka huu yeye ndiye atakayeona haya.

Wewe nimekuwekea jokofu jipya kwenye lori hilohilo, maana likizo imenishinda tena.

Mwanao

9 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Jokofu limefika, linanguruma jikoni, ahsante. Mashine nayo waliiingiza sebuleni kwa Mama Dobi. Akaizunguka, akafungua kile kimlango, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. “Ahsante jirani,” akasema, “Mungu akuzidishie.” Chai hakunikaribisha. Nikadhani furaha imemzidi.

Zikabaki siku mbili, sikuona ngazi. Ikabaki moja, kimya. Sikukuu ikanikuta na mapazia yenye vumbi. Nilipompelekea leso aliipokelea mlangoni. Tangu hapo tukipishana kwenye ngazi za jengo ananisalimia kwa adabu tele, kama karani wa posta. Miaka sita nimekuwa na mtu mmoja tu wa kunigongea mlango, na sasa hagongi tena. Tumemkosea nini?

Mama yako

30 Januari

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Huenda mashine ni mbovu na anaona aibu kusema. Nimeuliza, inawezekana kuibadilisha. Au nimtumie ile ya kukausha pia?

Pole mama. Sikupenda uumie.

Mwanao

26 Februari

Mwanangu,

Usitume kitu. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaenda huko ghalani kwenu.

Jumamosi nilipanda kiti nikashusha mapazia mwenyewe, nikayatia kwenye beseni nikaenda kugonga. “Jirani,” nikamwambia, “sikukuu hii umeninyima haki yangu.”

Akayatazama. “Yapo machafu hivyo na hukusema?”

Nikaingia. Mashine haijachomekwa hata siku moja. Ameitandika blanketi, anapigia pasi juu yake. Nikamuuliza kosa langu. Akasema, “Hospitali walinipa barua ya shukrani, na wiki hiyohiyo wakaingiza mashine mahali pangu. Ulipoleta yako nikajua na wewe umenistaafisha.”

Nililia, sikufichi. Nikamwambia ukweli kwamba haya ilikuwa yangu, kwamba leso yangu na siku zake mbili havilingani hata kidogo. Akaniuliza ni nani aliyetuambia tunashindana. Anayafua mapazia yale kwa sababu siku hizo mbili anapata mtu wa kuongea naye, na mimi nilikuwa najua, maana nami nazingoja hivyohivyo.

Tukayafua pamoja. Amenigombeza sana, eti nakamua nguo kama mtoto wa shule.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nikiwa nasuuza nilikufikiria wewe. Kila sikukuu lori lako linafika. Zulia, televisheni, sasa jokofu. Nami nakuandikia ahsante, Mungu akuzidishie, maneno yaleyale aliyoniambia Mama Dobi, na kwa moyo uleule. Unanipenda, hilo silitilii shaka. Lakini ni miaka sita, mwanangu, na niliogopa kukuambia nisije nikaonekana sina shukrani.

Mama yako

14 Machi

Mama, shikamoo.

Nilikaa na barua yako wiki nzima. Kwa kweli likizo haikunishinda. Niliona ni rahisi zaidi kutuma mzigo, na nilivyozidi kuchelewa ndivyo nilivyotafuta mzigo mkubwa zaidi.

Nimeomba wiki mbili za Aprili, nimepewa. Sikuletei chochote. Nakuja na begi la nguo zangu tu, nitandikie kitanda.

Mwanao